Kugombea udiwani Dar mwaka 2030: tuanzie wapi, na pesa ya kampeni iende wapi?

Mkazi_Temeke

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kijana wa mtaani kwetu, miaka 34, anataka kugombea udiwani mwaka 2030 kwenye kata moja ya Manispaa ya Temeke. Tuko watu sita tuliokubali kumsaidia kuanzia sasa. Hajajiunga na chama chochote, na anawaza hata kusimama mwenyewe bila chama. Kwa makisio yetu tutakusanya kama milioni 12 hadi wakati huo.

Ndani ya kundi kuna mvutano. Wengine wanataka zaidi ya nusu ya fedha iende kwenye gari la matangazo, muziki, jukwaa, fulana na mabango, kwa hoja kwamba Dar mtu asiyesikika hajulikani. Wengine wanasema hiyo ni pesa ya kumwaga. Naomba wenye uzoefu wa kuendesha kampeni watueleze: mlolongo wa kugombea ukoje kuanzia chama hadi fomu ya Tume ya Uchaguzi, watu huangukia wapi, na fedha ndogo kama hii igawanywe vipi? Kata ina wapiga kura kama 30,000 na mitaa mitano.

FomuKwanza

Mkuu, kabla ya spika malizeni suala la chama. Kusimama bila chama haiwezekani kwa sheria iliyopo. Katiba ya 1977, ibara ya 39 kwa rais na ya 67 kwa mbunge, inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho, na udiwani unafuata utaratibu huohuo. Mchungaji Mtikila alilipigania hili mahakamani kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Katiba haijabadilishwa mpaka leo. Kwa hiyo kijana wenu achague chama sasa, akate kadi, alipe ada na ahudhurie vikao vya tawi. Anayeingia chamani miezi mitatu kabla ya kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kupata mgombea, atakutana na wajumbe wasiomjua hata jina. Na kuongoza kura za maoni hakumhakikishii uteuzi, maana vikao vya juu vinaweza kurudisha jina la mwingine. Mwaka 2020 waliongoza wengi na majina hayakurudi.

Akishapitishwa na chama ndipo inakuja fomu ya Tume. Kwa udiwani ni Fomu Na. 8C, inachukuliwa kwa Msimamizi Msaidizi wa Uchaguzi ngazi ya kata, yule ambaye mitaani wanamwita ARO kata. Umri ni kuanzia miaka 21, na mgombea ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Anahitaji wadhamini wasiopungua 10 waliojiandikisha kupiga kura ndani ya kata hiyohiyo, tamko la kisheria mbele ya hakimu, picha, dhamana ya shilingi 5,000, na saini pamoja na muhuri wa kiongozi wa chama mwenye mamlaka ya kuthibitisha uteuzi. Kuna pia Fomu Na. 10 ya kukubali kuheshimu maadili ya uchaguzi. Siku ya uteuzi mwisho wa kurudisha ni saa 10:00 jioni. Ukifika saa 10:05 na kila kitu kimekamilika, umeachwa.

Majina hufia kwenye fomu zaidi ya mahali pengine popote. Katika chaguzi za serikali za mitaa za 2019 na 2024, na uchaguzi mkuu wa 2020, wagombea wengi, hasa wa upinzani, walienguliwa kabla kampeni haijaanza. Unaweza kubishana kuhusu haki ya maamuzi yale, na kuna mengi ya kubishania, ila kosa la kweli kwenye fomu linampa mwingine silaha bure. Haya ndiyo hujirudia:

Jina la fomu kutofanana na la Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kadi ya mpiga kura inasema Juma Salum Juma, fomu inasema Juma S. Juma, bango linasema "Jembe". Andikeni kama lilivyo kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Mdhamini si wa kata. Dar hili ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mtu anaishi kwenu miaka minne, anauza duka pale, anasali pale, lakini alijiandikisha Buguruni alikokuwa amepanga. Huyo hafai kudhamini.

Mdhamini kumdhamini zaidi ya mgombea mmoja wa nafasi hiyohiyo. Wapo wanaosaini kila karatasi wanayoletewa, kwa urafiki tu.

Sehemu iliyoachwa wazi. Kazi, makazi, tarehe: hakuna cha "wataelewa". Na kufuta kwa wino mweupe ni kujitafutia balaa, ombeni fomu nyingine.

Ushauri wangu: kusanyeni wadhamini 20, mkague namba ya kadi ya kila mmoja kwa macho yenu, kisha mjaze walio safi. Fomu irudishwe asubuhi, si alasiri, ili kukiwa na dosari pawe na saa za kuirekebisha. Pigeni picha kila ukurasa mbele ya anayeipokea. Pingamizi likiwekwa, majibu na rufaa vinahesabiwa kwa saa, kwa hiyo wakili awe ameshaongea nanyi kabla ya siku hiyo. Kumtafuta baada ya jina kukatwa ni kuchelewa.

Binti_Mtoni

FomuKwanza kamaliza upande wa karatasi. Mimi nizungumzie wapiga kura, maana hapo ndipo mvutano wa muziki na jukwaa unapopata jibu.

Anzeni na hesabu. Mwaka 2015 waliojitokeza nchi nzima walikuwa kama asilimia 67 ya walioandikishwa, mwaka 2020 wakashuka hadi kama asilimia 51. Kwa kata ya 30,000 chukueni nusu: kura 15,000. Wakiwa wagombea wawili wenye nguvu na wadogo kadhaa, anayefikisha 7,500 hivi ameshinda, kwa sababu udiwani ni wa mwenye kura nyingi, hauna duru ya pili. Jiwekeeni lengo la 8,000, yaani 1,600 kwa kila mtaa kwa wastani. Kisha msiishie kwenye wastani. Upo mtaa mtakaovuna 2,500 na upo mtakaoambulia 700. Mjue ni upi kabla ya kukodi hata spika moja.

Sasa tazameni mkutano wa hadhara wa Dar ulivyo. Maadili ya uchaguzi yanaruhusu mikutano kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Mfanyakazi wa Kariakoo au Posta anayeishi Mbagala yuko kwenye foleni saa 12:00 jioni, anashuka kituoni saa moja na nusu usiku, na jukwaa limeshavunjwa. Mliokuwa mnawahutubia saa 10 jioni Jumanne ni watoto wa shule, vijana wa kijiweni, kina mama wa biashara za barazani, na watu waliofuata muziki kutoka kata ya jirani. Wamo wapiga kura wenu, ndiyo, lakini ni sehemu ndogo ya umati unaoonekana kwenye picha. Mikutano yenye faida kwenu ni ya Jumamosi na Jumapili alasiri, mmoja kila mtaa, na mmoja mkubwa wa kufungia. Siku za kazi mgombea awe stendi na kwenye vituo vya daladala kuanzia saa 2:00 asubuhi, sokoni kabla ya saa 5, kisha nyumba kwa nyumba.

Nyumba kwa nyumba ndiyo kampeni yenyewe. Mwaka 2025 kampeni za Bara zilikuwa kuanzia 28 Agosti hadi 28 Oktoba, siku 62. Mkiwa na watu 20 wa kujitolea, wanne kwa kila mtaa, na kila mmoja akazungumza na watu 10 kwa siku, hiyo ni watu 12,000 ndani ya siku 60. Wapeni daftari la shule lenye safu chache tu: jina, nyumba, simu kama mwenyewe ameridhia kuitoa, amejiandikisha wapi, na msimamo wake: wetu, hajaamua, si wetu. Asiye wetu msirudi kumsumbua. Asiyeamua arudiwe na mgombea mwenyewe, si mpambe.

Safu ya "amejiandikisha wapi" ndiyo wengi huisahau. Jiji hili watu wengi ni wapangaji na wapangaji wanahama, kadi zao hazihami. Kuhamisha taarifa kunafanyika wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu pekee. Dar mara ya mwisho ilikuwa Mei 2025, siku saba tu. Aliyezikosa alibaki kupiga kura alikotoka au kutopiga kabisa. Kwa hiyo zoezi la kabla ya 2030 likitangazwa, hiyo ndiyo iwe kampeni yenu ya kwanza: mpeleke kila mpangaji mpya akahamishe taarifa zake. Hakuna fulana itakayowapa kura kama wiki hiyo.

Na msichanganye Daftari la Kudumu na orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa. Ni vitu viwili. Orodha ya mitaa inaandaliwa upya chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, kila uchaguzi wa mitaa, na aliyejiandikisha huko hakuingia kwenye Daftari la Tume. Uchaguzi wa mitaa uliopita ulikuwa 27 Novemba 2024, unaofuata ni 2029, mwaka mmoja kabla ya wenu. Mtumie kama mazoezi: msimamisheni mtu wa kundi lenu kwenye kamati ya mtaa angalau mtaa mmoja. Kampeni zake 2024 zilikuwa siku saba tu. Ndani ya siku saba utajua nani kati ya hao sita anafanya kazi na nani anapenda kukaa meza kuu.

Kijana_wa_Kigogo

Nauliza kwa heshima, haya yote yana maana gani? Oktoba 2025 tuliona. CHADEMA haikusaini Kanuni za Maadili pale Dodoma 12 Aprili, Tume ikasema haitashiriki uchaguzi huo wala chaguzi ndogo kwa miaka mitano. Chama kizima nje, siyo fomu ya mtu mmoja. Unaweza kuwa na wadhamini 20 safi na daftari la shule limejaa majina, bado jina lako lisiwe kwenye karatasi ya kura.

Binti_Mtoni

Hoja yako ni ya haki, na sitaipunguza. Ndiyo maana kuchagua chama ni uamuzi mzito kuliko rangi ya kadi. Mwulizeni katibu wa wilaya wa chama mnachokitaka: chama kina msimamo gani kuhusu kusaini maadili, nani ana mamlaka ya kusaini fomu za wagombea, muhuri unakaa kwa nani, na ugomvi wa uongozi ukitokea juu, saini ya nani itatambuliwa huku chini? Akishindwa kujibu hilo la mwisho, tafuteni kwingine au mjiandae kwa matatizo. Zaidi ya hapo, madai ya Katiba mpya na tume inayoaminika ni kazi ya wananchi wote, na anayetaka udiwani ayazungumze hadharani bila kunong'ona. Lakini kijana anayetaka kujua mfereji wa mtaa wake utazibuliwa na nani, sioni sababu ya kumwambia akae nyumbani.

Wakala_Mkuu

Naongezea ambalo halijaguswa: mawakala. Kampeni ya siku 62 inaweza kuharibika ndani ya saa tisa za siku ya kura.

Mwaka 2025 Tume ilitangaza wapiga kura 37,655,559 na vituo 99,895. Gawanya, unapata wastani wa watu 377 kwa kituo. Kata yenu ya 30,000 itakuwa na vituo karibu 80. Maana yake mawakala 80 wa kukaa vituoni, na 10 wa akiba, kwa sababu kuna atakayeumwa, atakayepitiwa na usingizi, na kuna atakayenunuliwa usiku wa kuamkia siku ya kura. Chama kikisimamisha diwani, mbunge na rais kwa pamoja, wakala mmoja anaweza kubeba kazi ya wote, kwa hiyo kaeni mapema na mgombea ubunge mgawane gharama.

Tatizo la kwanza ni orodha. Majina ya mawakala yanapelekwa kwa msimamizi siku kadhaa kabla, wanaapishwa kiapo cha kutunza siri, wanapewa barua za utambulisho. Kila uchaguzi kuna mawakala wanaozuiwa mlangoni kwa sababu jina la barua si la kitambulisho, au kituo kilichoandikwa siyo alichopelekwa. Barua zigawiwe mkononi kwa saini, na kila wakala akakione kituo chake kwa macho siku moja kabla. Shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo kumi na vyote vina jina la shule, tofauti ni namba tu.

La pili ni mafunzo. Nusu siku inatosha, ila ifanyike. Wakala ajue kwamba kituo kinafunguliwa saa 1:00 asubuhi na yeye afike saa 12 alfajiri aone sanduku tupu likifungwa kwa lakiri, aandike namba za lakiri. Ajue kwamba aliyepoteza kadi lakini jina lipo kwenye Daftari aliruhusiwa katika uchaguzi uliopita kutumia kitambulisho cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva, asije akawafukuza wapiga kura wake mwenyewe. Ajue kwamba saa 10:00 jioni aliyeko kwenye mstari anapiga kura, anayekuja baadaye hapana. Kura zinahesabiwa palepale kituoni. Matokeo ya udiwani yanaandikwa kwenye Fomu Na. 21C, wakala anasaini na anadai nakala yake. Akiona kasoro aandike malalamiko yake kwenye fomu ya malalamiko kabla hajaondoka. Malalamiko ya mdomo kesho yake hayana uzito mahakamani.

La tatu, jinsi ya kukusanya matokeo. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa na jioni Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje. Kundi lililotegemea picha za WhatsApp lilibaki gizani. Pangeni njia isiyohitaji intaneti: kila mtaa na mratibu mmoja anayepita vituo vyake kwa miguu, wakala anamsomea namba kutoka kwenye 21C, mratibu anaandika kwenye karatasi ya majumlisho, na nakala zenyewe zinakaa mahali pamoja panapojulikana. Mjumlishe wenyewe kabla ya majumlisho ya kata kutangazwa.

Chakula na nauli ni lazima. Wakala asiyekula tangu alfajiri atakubali chai ya mtu yeyote. Mkimpangia kila mmoja 20,000, kwa watu 90 ni 1,800,000. Hiyo itengwe kwanza, iwekwe mahali pasipoguswa, hata kama jukwaa litakosa turubai.

Mkazi_Temeke

Nashukuru sana, dada Binti_Mtoni na wakuu wote. Yamebaki mawili. Moja, wenzangu wanasema bila "kuwaona" wazee na vikundi vya kina mama huwezi kushinda. Pili, mgombea anataka kuahidi maji na lami.

FomuKwanza

La kwanza, msiliguse. Zamani sheria iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Aprili 2006 Mahakama Kuu hapa Dar ilifuta vifungu hivyo katika shauri la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi Na. 6 ya 2010, iliyo chini ya Msajili wa Vyama vya Siasa, inayokataza zawadi, fedha na misaada ya kushawishi, hata kwenye kura za maoni ndani ya chama. Kuwasikiliza kina mama kwenye mkutano wao wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, hakuna kosa. Kuwaachia bahasha ni kosa, na mshindani wako ana simu yenye kamera. Zaidi ya sheria, anayenunua kura leo anajilipa kesho kwenye zabuni za kata, na watakaolipa ni haohao kina mama.

Sheria hiyohiyo inadai hesabu. Mgombea anaeleza fedha alizonazo na anazotarajia kutumia, waziri anatangaza kikomo cha matumizi, na baada ya uchaguzi mgombea anapeleka taarifa ya mapato na matumizi kwa chama chake. Hata akishindwa. Kwa hiyo mteue mweka hazina mmoja, akaunti moja, stakabadhi kwa kila kitu. Mchango wa "nitakutumia kwenye simu yako binafsi" ukataliwe.

Kuhusu maji na lami: maji ya Dar ni ya DAWASA, mamlaka ya maji, na barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Diwani anaweza kupiga kelele, kuandika, kufuatilia, lakini hasaini bajeti yao. Akiahidi lami, miaka mitano baadaye atasomewa ahadi yake. Aahidi kilicho ndani ya Baraza la Madiwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata: taka na ushuru wake, madarasa na zahanati zinazojengwa kwa mapato ya ndani, usafi wa mifereji, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na wenye ulemavu asilimia 2. Akijua kueleza kikundi kinavyosajiliwa na maombi yanapelekwa wapi, atasikilizwa kila baraza.

Wakala_Mkuu

Na mgawanyo wa milioni 12 kama ningepanga mimi: mawakala na mafunzo yao milioni 2.5. Watu 20 wa nyumba kwa nyumba, nauli na vocha, milioni 4. Vipeperushi vya ukurasa mmoja vyenye picha, jina kama litakavyoonekana kwenye karatasi ya kura na ahadi nne, milioni 1.5. Mikutano sita na spika zake, milioni 2. Wakili na karatasi, milioni 1. Milioni 1 inabaki akiba hadi wiki ya mwisho. Fulana sijaziweka. Chama kikileta, zivaeni.

Ratiba ya mikutano ipelekwe kwa msimamizi mara tu baada ya uteuzi, kwa sababu inaoanishwa na ya vyama vingine na polisi wanapewa nakala. Viwanja vya Jumamosi na Jumapili ndivyo vinavyogombewa kwanza.